Yasmini: Maana ya Jina, Asili Yake na Namna ya Kumpa Mtoto

Yasmini ni jina la mtoto wa kike litokanalo na ua dogo jeupe, lenye harufu nzito ya kupendeza, ambalo Waswahili huliita yasmini, asmini au asumini. Katika miji ya Pwani jina hilo huandikwa Yasmini, Yasmin, Asmini au Asumini, kufuatana na familia na kizazi. Maumbo yote hayo ni jina moja, na wenye nayo wana haki ya kuitana somo. Mwongozo huu unalieleza jina hilo kwa ajili ya mzazi anayefikiria kumpa binti yake, na pia kwa ajili ya mwenye jina anayetaka kujua alichobebeshwa.

Maana ya jina

Maana ya Yasmini ni ua la yasmini. Jina limetoka moja kwa moja kwenye ua, kama Waridi lilivyotoka kwenye waridi, na halina maana nyingine iliyofichika nyuma yake.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa kwa sababu orodha nyingi za majina ya watoto hudai kwamba Yasmini maana yake ni "zawadi ya Mungu". Dai hilo halina mzizi katika Kiajemi wala katika Kiarabu, lugha mbili zilizolilea neno hili. Mzazi anayetaka jina lenye maana ya zawadi anayo majina yanayoibeba waziwazi: Zawadi, Tunu, Hiba, Atiya. Lipo pia dai la upande wa pili. Wafasiri wa ndoto wa Kiarabu wa zamani walilikata neno vipande viwili, wakasikia ndani yake "ya's", yaani kukata tamaa, na "mayn", yaani uongo, wakaliona ua hili kuwa ishara mbaya ndotoni. Huo ni mchezo wa sauti. Neno lilikuwa la Kiajemi kabla halijafika kwa Waarabu, kwa hiyo haliwezi kuwa limeundwa kwa maneno ya Kiarabu. Hakuna sababu ya mzazi kulihofia jina hili kwa ajili hiyo.

Kinachofuatana na jina ni sifa za ua lenyewe: weupe, udogo, na harufu inayomfikia mtu kabla hajaliona. Watu wanaolitoa jina hili aghalabu humtakia mtoto usafi wa moyo, staha, na tabia njema inayotangulia kumtambulisha popote aendako.

Asili ya neno

Kwao neno hili ni Uajemi. Katika Kiajemi cha Kati, lugha ya dola la Wasasani lililotawala tangu mwaka 224 hadi 651, ua hili lilikuwa tayari na jina hilo, na hadi leo wasichana wa Iran huitwa Yasaman au Yasamin. Waajemi hawakulichukulia kuwa pambo la bustani tu. Bundahishn, kitabu cha dini ya Zoroasta kilichokusanywa katika karne ya 9, kinayagawa maua kwa viumbe watukufu wa dini hiyo, kila mmoja ua lake, na yasmini imewekwa upande wa Ahura Mazda mwenyewe. Karne nyingi kabla ya hapo, Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliyataja mafuta ya kunukia ya Waajemi yenye jina linaloshabihiana na hili.

Waarabu walilichukua neno wakaliita yasamin, na kwao huandikwa ياسمين. Kutoka kwao lilishika njia mbili. Njia ya kwanza ilielekea magharibi hadi Ulaya, pamoja na mmea wenyewe na vitabu vya utabibu. Katika Kifaransa likawa jasmin, katika Kiingereza jasmine au jessamine, katika Kiitaliano gelsomino. Mwaka 1597 John Gerard, Mwingereza aliyeandika kitabu kikubwa cha mimea, aliieleza jasmini kuwa mmea uliokwisha kuzoeleka katika bustani za nchi yake. Kumwita mtoto kwa jina hilo kulikuja baadaye sana. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza walipopenda kuwapa binti zao majina ya maua kama Rose, Lily, Daisy na Violet, ndipo Jasmine nalo likaanza kutumika. Filamu ya katuni ya Aladdin ya mwaka 1992 ilimpa binti mfalme wake jina la Jasmine na kulieneza zaidi, ingawa katika hadithi ya zamani binti huyo huitwa Badr al-Budur.

Njia ya pili ilipita baharini. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, waliokwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, walikuwa na desturi moja ya manukato, na majina ya manukato hayo yalizagaa bandari kwa bandari. Ndiyo maana jina hili linasikika Muscat, Mombasa, Unguja na Mumbai bila kuonekana geni mahali popote. Afrika Mashariki limeletwa vilevile na familia zenye asili ya Bara Hindi, ambazo zimelipata kwa Kiajemi kupitia Kiurdu na lugha jirani zake. Mmoja wa wenye jina hili wanaojulikana sana ni Yasmin Alibhai-Brown, mwandishi wa habari wa Uingereza aliyezaliwa Kampala mwaka 1949.

Jina lilivyokaa katika Kiswahili

Kiswahili kililipokea neno kutoka Kiarabu na kulipatanisha na matamshi yake. Kwanza kiliongeza irabu mwishoni, likawa yasmini. Kwa wasemaji wengine sauti ya y mwanzoni ikadondoka, likawa asmini. Kisha irabu u ikaingia kati ya s na m, likawa asumini. Ni njia ile ile iliyolifanya neno la Kiarabu "ward" kuwa waridi na "waqt" kuwa wakati. Kwa hiyo Asumini si Yasmini lililokosewa. Ni umbo halali la Kiswahili, na ndilo lenye sura ya Pwani zaidi.

Ua huitwa asumini na mmea wake mwasumini au mwasmini. Upo pia mmea wa porini wa jamii hiyo hiyo, uitwao mwafu, na ua lake huitwa afu. Wataalamu wa mimea huuita Jasminum fluminense. Neno hilo la pili lahusu Rio de Janeiro, kwa kuwa aliyeueleza kwanza kitaalamu aliukuta Brazil, lakini kwao ni Afrika. Afu huota yenyewe vichakani, nayo asumini hupandwa uani ikatunzwa. Washairi wa Kiswahili wameyasifu maua yote mawili.

Ua lenyewe

Anayempa mtoto jina la ua hana budi kulijua ua. Jamii ya Jasminum ina aina zipatazo 200, nazo zimo katika ukoo mmoja na mzeituni. Tatu zinahusika zaidi na jina hili. Jasminum officinale ndiyo jasmini ya bustani za Ulaya na Asia ya Magharibi. Jasminum grandiflorum, yenye maua makubwa zaidi, ndiyo ilimwayo kwa ajili ya manukato, hasa India, Misri na katika mji wa Grasse huko Ufaransa. Jasminum sambac ndiyo aghalabu huoteshwa uani Pwani na kutungwa katika vikuba, yaani mapambo ya wanawake ya maua yanayonukia. Ina majani mapana ya kijani yanayong'aa, na ua lake huwa la petali chache au la petali nyingi zilizosongamana kama waridi dogo.

Ua la sambac hufunguka jioni na usiku. Kwa sababu hiyo wachumaji huchuma matumba alasiri, yakiwa bado yamefumba, ili yafunguke yakiwa yamekwisha tungwa. Harufu huwa kali usiku na hupungua kadiri jua linavyopanda, na ua lililochakaa hubadilika rangi na kuanguka. Mmea hupenda jua na maji ya kutosha, na huoteshwa kwa kukata kitawi na kukichomeka kwenye udongo wenye unyevu. Familia nyingine huona vyema kupanda mwasumini nyumbani anapozaliwa mtoto mwenye jina hilo. Jambo hilo si gumu, kwani mmea hustawi hata katika chungu kikubwa barazani.

Si kila mmea uitwao jasmini ni wa jamii hii. Cestrum nocturnum, kichaka kinachonukia sana usiku, ni wa ukoo wa nyanya. Gelsemium sempervirens, mtambaa wenye maua ya manjano kutoka Amerika, una sumu. Mzazi anayetaka kumwonyesha binti ua lake na amwonyeshe lililo lake.

Heshima ya asumini Pwani

Thamani ya jina hili kwa Mswahili inatokana hasa na kazi ya ua katika maisha. Asumini hutungwa kwa uzi na kufanywa koja la kuvikwa shingoni, au huunganishwa na rehani, kilua na mkadi kuwa kikuba, ambacho mwanamke hukibandika kifuani au hukitia katika nywele. Hutawanywa juu ya kitanda cha bibi harusi. Hutiwa katika sahani pamoja na marashi panapokuwa na shughuli. Katika nyimbo za taarabu na mashairi ya mapenzi, asumini ni mojawapo ya majina anayoitwa mpenzi na mwenye kumsifu.

Kwa sababu hiyo jina la Asumini husikika kuwa la kike kabisa, la furaha na la harusi. Halina historia ya huzuni kama majina yanayotokana na shida au msiba wa wakati wa kuzaliwa. Yeyote aliyekulia Pwani hulielewa mara moja bila kufafanuliwa.

Nje ya Pwani ua hilo lina heshima zake. Damascus huitwa mji wa yasmini. Ufilipino waliifanya Jasminum sambac kuwa ua la taifa mwaka 1934, nao huiita sampaguita. Magazeti ya kigeni yaliyaita mageuzi ya Tunisia ya mwaka 2011 Mapinduzi ya Yasmini.

Ndugu wa jina katika lugha nyingine

Familia iliyo ughaibuni, au yenye wazazi wa asili mbili, hufaidika kuyajua maumbo ya jina hili kwingineko. Waturuki husema Yasemin, Waarabu Yasamin, Yasmin na Yasmina, Wafaransa Jasmine na Yasmine, Wahispania Jazmín, Wahungaria Jázmin, Waarmenia Hasmik. Gelsomina la Kiitaliano lilijulikana duniani kwa filamu ya La Strada ya Federico Fellini ya mwaka 1954. Katika Bosnia mwanamke huitwa Jasmina, na Jasmin bila a mwishoni ni jina la mwanamume. Mzazi anayeishi huko na alizingatie hilo.

Yapo pia majina yenye maana hii yasiyo na undugu wa sauti. Mallika ni la Kisanskriti. Chameli hutumika kwa Kihindi na Kiurdu. Melati ni la Waindonesia. Yote matatu ni majina ya jasmini, na wasichana huitwa kwayo pia.

Matamshi hubadilika kwa nchi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mi: Yasmini, Asumini. Mwarabu huvuta silabi ya mwisho. Mwingereza hukaza silabi ya kwanza na kuifanya s kuwa z. Mjerumani husoma J kama y, kwa hiyo Jasmin la Kijerumani husikika karibu sana na Yasmin. Mfaransa huisoma J kwa sauti laini isiyokuwamo katika Kiswahili, na Mhispania huisoma kama h nzito. Mtoto atakayeishi kati ya lugha kadhaa hupata nafuu kwa umbo linaloanza na Y, kwa maana husomwa karibu sawa kila mahali.

Kuchagua umbo

Mambo matatu yanatosha kumwongoza mzazi.

La kwanza ni mahali atakapokulia mtoto. Asumini linafaa sana panaposemwa Kiswahili, kwani linabeba ua, kikuba na utamaduni wote wa Pwani. Yasmini ni la Kiswahili pia na linatambulika kwa urahisi nje. Yasmin ndilo linaloeleweka katika nchi nyingi zaidi bila kubadilishwa.

La pili ni majina yanayofuata. Kwa kawaida jina la mtoto hufuatwa na la baba na la babu, kwa hiyo yanafaa kutamkwa yote matatu kwa sauti kabla ya kuamua. Yasmin linaishia na konsonanti na hukaa vizuri mbele ya jina linaloanza na irabu, kama Yasmin Ali. Yasmini na Asumini hukaa vizuri mbele ya konsonanti, kama Asumini Juma.

La tatu ni hatari ya kuchanganywa. Asumini hutofautiana kwa herufi moja tu na Asumani, ambalo ni umbo la Uthman na ni jina la mwanamume. Yasmini nalo hukaribiana na Yasini, jina la wanaume litokanalo na sura ya Yasin katika Qurani, na majina hayo mawili hayana uhusiano wa maana wala wa asili. Karani mwenye haraka anaweza kuandika moja badala ya jingine, na kosa hilo likamfuata mtoto akiandikwa kuwa wa kiume.

Jina na dini

Kwa Waislamu, kinachotakiwa ni jina lenye maana njema, na Yasmini lina sifa hiyo. Jina hili halimo katika Qurani. Mzazi anayetaka jina la mmea unaonukia uliotajwa humo anaweza kuchagua Rehani au Raihana, kwa kuwa rehani imetajwa katika sura ya 55 na ya 56. Kwa desturi mtoto hupewa jina siku ya 7, pamoja na akika.

Kwa Wakristo, Yasmini si jina la mtakatifu mashuhuri, lakini hilo si kizuizi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kifungu cha 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe tu kwamba jina halipingani na moyo wa Kikristo. Wanaopenda jina la mtakatifu huliongeza wakati wa ubatizo, na lile la ua likabaki la nyumbani na la shuleni.

Majina mengine ya maua

Ikiwa Yasmini limekwisha chukuliwa na dada au binamu, Kiswahili kina majina mengine ya maua. Waridi ni wazi kwa kila mtu. Maua ni jina la Kiswahili kitupu. Rehani na Raihana yameshatajwa. Nargisi ni ua jingine lililokuja kwa Kiajemi. Susana asili yake ni Kiebrania, shoshana, yaani yungiyungi, na kwa Waarabu lipo Sausan lenye maana iyo hiyo. Zahra linahitaji uangalifu: umbo moja la Kiarabu maana yake ni ua, na jingine, lenye kuvutwa mwishoni, maana yake ni mwenye kung'ara. Hilo la pili ndilo lakabu ya Bibi Fatuma, binti wa Mtume.

Kuandikisha jina

Jina likishakubaliwa na pande zote mbili za familia, kazi inayobaki ni kuliandika kwa namna moja tu. Mzazi na aliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kwenda kliniki au ofisini, amwonyeshe karani, kisha asome fomu herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Akague pia sehemu ya jinsia, hasa kama jina ni Asumini.

Tanzania Bara, vizazi huandikishwa chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na muda wa kawaida ni ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Kenya, kizazi kisichoandikishwa ndani ya miezi 6 huhitaji idhini ya maandishi ya msajili. Kuchelewa huongeza nyaraka na gharama, kwa hiyo ni vyema cheti kipatikane mapema.

Baada ya hapo umbo lililomo katika cheti cha kuzaliwa lifuatwe kila mahali: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha madrasa, fomu za shule, fomu za mtihani wa taifa, kitambulisho na pasipoti. Mtoto aliyeandikwa Yasmini kwenye cheti cha kuzaliwa, Yasmin kwenye cheti cha shule na Asumini kwenye pasipoti ni watu watatu mbele ya karani wa chuo au wa ubalozi, na mara nyingi hulazimika kula kiapo mbele ya hakimu au wakili kuthibitisha kwamba ni mmoja. Nyumbani aweza kuitwa Mina, Yasi au Asumini wa bibi bila dhara lolote. Katika karatasi za serikali abaki na jina moja, na tahajia moja.